Malkia Ndani ya Matatu

Masika yakishika huku Gilgil, chungu wenye mbawa hutoka mashimoni wakapandane. Malkia akishapata alichokifuata hushuka chini, huzivua mbawa, kisha huanza kutafuta pa kuchimba. Huyu wangu alishukia barazani: mkubwa, mwekundu, mgongo umetuna kwa misuli ya kurukia, na ubavuni makovu ya mbawa alizozing'oa mwenyewe. Nikamtia ndani ya bomba la sindano lenye pamba yenye maji, nikapanda matatu kuelekea Nakuru kwa binamu yangu, mwalimu wa baiolojia mwenye kioo cha kukuzia.

Dua yangu ilikuwa moja: awe Messor cephalotes, yule mvuna mbegu ambaye wafugaji wa chungu huko ng'ambo humnunua kwa bei ya mbuzi. Kiuno ndicho husema kweli. Wale weusi wakubwa wanaovamia sukari usiku wana kifundo kimoja kati ya kifua na tumbo. Mvuna mbegu anavyo viwili. Nikamgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Viwili!

"Hiyo kumbikumbi," akasema mzee niliyekaa naye. "Kaanga na chumvi."

"Mzee wangu, kumbikumbi hana kiuno. Tena si chungu kabisa, ni wa ukoo wa mende."

Mzee akanyamaza kidogo. "Yaani miaka yote hii nimekula mende?"

Kabla sijamtuliza, mama wa kiti cha mbele, aliyepakata kikapu cha kuku, akageuka. Akaliona bomba. "Siafu! Makanga, simamisha gari!"

Nilijaribu kueleza kwamba malkia wa siafu hajawahi kuwa na mbawa, kwa hiyo makovu haya hangekuwa nayo. Nani asikilize? Gari zima limepandisha miguu vitini. Na dereva akasimama kweli, ila kwa sababu nyingine: tulikuwa tumefika kwenye kizuizi cha polisi.

Mei 2025, hapa Kenya, vijana wawili wa Ubelgiji walitozwa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kukutwa na malkia 5,000 hivi wa chungu bila kibali. Walikuwa wamewafungasha vipi? Bomba na pamba.

Afande akachungulia dirishani. "Hiyo ni aina gani?"

Dua ikageuka papo hapo. "Ni hawa wa sukari tu, afande."

"Kiunoni ana vifundo vingapi?"

Lo! Huyu amesoma.

"Kimoja."

"Viwili!" mzee akadakia. "Amehesabu mwenyewe nikimwona. Tena ameniambia mimi nakula mende."

Afande akawasha tochi ya simu, akachomoa pamba ili ahesabu kwa macho yake. Malkia hakungoja kuhesabiwa. Alipanda kidole, akakata mbio hadi kwenye mkono wa sare, afande akaupunga mkono kama aliyeguswa na moto, na mheshimiwa malkia akaangukia kikapuni. Kuku alinyoosha shingo mara moja tu.

Afande akalitazama bomba tupu. Akanitazama mimi. Kisha akamgeukia mwenye kikapu.

"Mama, huyu kuku ana kibali cha wanyamapori?"