Kidole cha mwisho cha mguu: kina kazi, au kimebaki tu?

Umeme ulikatika saa tatu usiku. Nilikuwa natoka chumbani kutafuta tochi, mguu wa kulia ukagonga tendegu la kitanda. Kitanda chenyewe cha mninga, kizito, watu wawili hawakisogezi. Nilisikia mlio, na kwa kitambo kidogo hakukuwa na maumivu yoyote. Nikashika ukuta nikasubiri, maana mwili ulishajua kinachokuja. Kikaja.

Mpwa wangu, aliyeko kidato cha tatu, akanimulikia kwa simu. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshaanza kuvimba, ukucha umenyanyuka upande mmoja, damu inadondoka sakafuni. "Pole sana mjomba," akasema, akachutama akitazame vizuri. "Lakini hiki kidole kina kazi gani hasa? Si bora kisingekuwepo?"

Ni swali la haki, na tangu usiku ule sijaliacha. Wanaosema kidole kile hakina kazi wana hoja zenye uzito, na wanaokitetea wanazo zao. Mimi nina upande, na nimeufikia kwa sababu ya baba yangu mkubwa, aliyekatwa kidole hichohicho.

Tuanze na wanaosema hakihitajiki. Vitabu vya anatomia huhesabu mifupa 26 katika mguu mmoja, kuanzia kisigino hadi ncha za vidole. Gumba lina mifupa miwili, na kila kidole kinachobaki kina mitatu. Lakini ukiwapiga watu eksirei unakuta wengi wana mifupa miwili tu kwenye kidole cha mwisho, kwa kuwa wa kati na wa ncha imeungana. Kwa Wajapani, walio hivyo ndio wengi. Upo pia msuli mfupi chini ya wayo unaokunja vidole, na kwa watu wengine msuli huo haupeleki kano yoyote kwenye kidole cha mwisho. Wenyewe wala hawana habari. Wanacheza mpira, wanakwea minazi, wanazeeka na kufa bila kujua kwamba kuna kitu hawakupewa.

Madaktari wa upasuaji nao wanalijua hili. Aliyekatwa gumba la mguu anaweza kutembea kwa shida, kwa sababu ndilo linalousukuma mwili mbele kila hatua. Aliyekatwa kidole cha mwisho peke yake, kidonda kikishapona, hutembea karibu kama zamani.

Tena kuna Reinhold Messner, mpanda milima wa Italia. Mwaka 1970 alishuka Nanga Parbat, Pakistan, akiwa amempoteza ndugu yake Günther mlimani humo, na baridi imeviua vidole vyake vya miguu. Alikatwa saba. Miaka minane baadaye, mwanzoni mwa 1978, alikuwa hapa kwetu Kilimanjaro akipanda ukuta wa Breach Wall pamoja na Konrad Renzler, na Mei mwaka huohuo akasimama kileleni Everest na Peter Habeler bila mitungi ya oksijeni. Kufikia 1986 alikuwa amevipanda vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000, na wengi humhesabu kuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mtu akikuletea mfano huo, utamjibu nini kuhusu kidole kimoja kidogo? Jibu lipo, ila huwa halisimuliwi: Messner alikuwa kwanza bingwa wa kukwea miamba, kazi ya kusimama kwa ncha za vidole kwenye ufa usiozidi upana wa sarafu. Baada ya 1970 hakuweza tena kuifanya kwa kiwango chake, ndipo akaelekeza nguvu zake kwenye milima mirefu. Alishinda pakubwa, na bado kuna mlango uliofungwa.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema kidole hiki kiko safarini kutoweka, kama vilivyotoweka vidole vya farasi na mbuni. Hapo sikubaliani nao. Kiungo hakitoweki kwa sababu tu hakitumiki sana. Hupungua kizazi hadi kizazi pale ambapo walio nacho wanaacha watoto wachache kuliko wasio nacho, au pale kinapoharibika polepole bila kumdhuru mwenye nacho. Hakuna ukoo uliokatika kwa sababu ya tendegu la kitanda.

Na huyo mbuni wanayemtaja, anayekimbia kwenye mbuga zetu kuliko ndege yeyote duniani, amebaki na vidole viwili kila mguu: kimoja kikubwa chenye ukucha, na kimoja kidogo cha nje. Watafiti waliopima shinikizo la nyayo zake walikuta kikubwa ndicho kinachobeba mzigo, na kidogo kinakaa pembeni kuuzuia mguu usiyumbe, kama ndubi la ngalawa. Hata mnyama aliyeachana na vidole vyote vingine alibakiza kimoja cha pembeni.

Ndubi hilo linanileta kwa wanaokitetea. Vua viatu, simama kwa mguu mmoja, kisha tazama chini. Utaona kidole cha mwisho kinajitanua na kubonyea sakafu, kinaachia, kinabonyea tena, kila mwili unapotaka kuinamia nje. Hukukiamuru. Upo msuli wake maalumu unaopita ukingoni mwa mguu kwa ajili hiyo. Kwenye kutembea pia, kisigino hutua kwanza kwa upande wa nje, uzito husafiri kufuata ukingo huo, halafu huvuka kwenda kwenye gumba na kuondoka. Ukingo wa nje hupokea kabla ya gumba kusukuma.

Wayo husimama kwa mafiga matatu: kisigino, shina la gumba, na shina la kidole cha mwisho. Nimesikia watetezi wengi wakiutumia ukweli huu, na hapa lazima niwe mkweli dhidi ya upande ninaoupenda. Figa la tatu ni kichwa cha mfupa wa tano wa wayo, mfupa mrefu ulio ndani ya mguu nyuma ya kidole. Kidole chenyewe kiko mbele ya figa. Ukikiondoa na kuuacha mfupa ule, sufuria haipinduki. Ukiugusa mfupa ule, umegusa mguu mzima. Sir Robert Jones, daktari wa mifupa wa Liverpool, aliuvunja mfupa huo wa mguu wake mwenyewe akiwa anacheza dansi, na mwaka 1902 akaandika juu yake; mvunjiko ule mpaka leo una jina lake. Eneo hilo hupata damu kidogo, hivyo hupona kwa kusuasua, na wachezaji wa mpira wanaouvunja hukaa nje kwa miezi. Kidole chenyewe kikivunjika, mara nyingi hufungwa pamoja na jirani yake, pamba kidogo katikati, na baada ya wiki nne hadi sita mtu amesahau.

Ardhi yetu ina ushahidi wa jambo hilihili. Mwaka 1960, Olduvai, ulichimbuliwa mguu wa kale wenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Vidole vyake havikupatikana, lakini mifupa mitano ya wayo ipo, na inatosha kuonyesha mguu uliokuwa ukibeba mwili wima. Kusini yake kidogo, Laetoli, kikosi cha Mary Leakey kilifukua mwaka 1978 nyayo za waliotembea kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Gumba limekaa sambamba na wenzake, halikutanuka pembeni kama la sokwe. Tangu lilipoacha kushika matawi, mguu uligawana kazi upya: gumba likapata cheo, vidole vingine vikafupika. Kidole cha mwisho ndicho kilichofupika kuliko vyote.

Kisha vikaja viatu. Nadhani sehemu kubwa ya sifa mbaya ya kidole hiki imetoka humo. Mtazame mtoto aliyekua pekupeku au kwa katambuga: vidole vimeachana kama vya mkono uliokunjuliwa, cha mwisho kimenyooka na kina ukucha kamili. Kisha mtazame mtu mzima aliyevaa viatu vya mchongoko miaka 20 ofisini. Kidole kimelala ubavu, kimejificha chini ya mwenzake, kina sugu juu na ukucha mdogo kama punje ya mtama. Tukichukua mguu wa namna hiyo na kusema kidole hakifanyi kazi, tunakihukumu kikiwa kifungoni.

Hata hivyo, nikiweka vyote kwenye mizani, kwa habari ya kutembea peke yake naupa ushindi upande wa kwanza. Tungeweza kutembea bila kidole cha mwisho. Kinasaidia, lakini msaada wake unaweza kuzibwa na wengine. Kama kazi yake ingekuwa hiyo tu, ningemjibu mpwa wangu kwamba amesema kweli.

Ila kuna maumivu, na hapo ndipo mpwa wangu alipoanzia bila kujua.

Kidole hiki kiko ukingoni kabisa, nyama kidogo, mfupa karibu na ngozi, mishipa ya fahamu imejaa. Kile kitambo kati ya mlio na maumivu kina maelezo yake. Habari ya kuumia hupanda kwa nyuzi za aina mbili. Zile za haraka hukimbia mita 5 hadi 30 kwa sekunde, ndizo zinazokufanya uvute mguu kabla hujafikiri. Zile za polepole huenda kama mita moja tu kwa sekunde, na kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo, zinakoishia, kwa mtu mzima ni kama mita moja. Kwa hiyo yale maumivu mazito, yanayopwita, hukufikia baada ya kama sekunde nzima. Na ukikisugua kidole unapata nafuu kidogo, kwa sababu hisia za mguso huibana njia ya maumivu kwenye uti wa mgongo. Ronald Melzack na Patrick Wall waliieleza mwaka 1965. Bibi zetu walikuwa wakisugua zamani sana.

Sasa baba mkubwa. Ameishi na kisukari miaka mingi, na miguu yake ikawa na ganzi. Siku moja alitoka uani, akakanyaga kizingiti, akaingia sebuleni, akaketi. Baada ya muda akaona matone ya damu kwenye mkeka, akauliza, "Nani kaumia humu ndani?" Tukayafuata matone. Yalikuwa yanatoka kwake. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilikuwa kimechanika hadi ndani na ukucha umeng'oka, naye anaongea habari za bei ya saruji.

Kidonda kilichimba. Wiki zilizofuata kikawa donda ndugu, na kidole kikakatwa ili kuuokoa mguu. Kutembea kwake hakukubadilika sana, ni kweli. Kilichokuwa kimepotea kilipotea miaka kabla ya kisu, siku kidole kilipoacha kuuma.

Ganzi ile ni ya hatari kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wamelala. Tunasema panya huuma na kupuliza ili mtu asiamke. Kwa miguu ile panya hana haja ya kupuliza. Asubuhi mtu huona shuka ina damu, na kidonda kimeshaingia uchafu.

Ndiyo maana hoja ya "si bora kisingekuwepo" inanipa shida. Kukiondoa kidole cha mwisho ni kuusogeza mpaka tu. Cha nne ndicho kitakachokuwa pembeni, nacho kitagonga tendegu. Ukingo wa mguu ni lazima uwe na mlinzi, na mlinzi mzuri ni yule anayepiga kelele ambaye hata akipotea nyumba haianguki. Udogo wake, ambao wapinzani wanautumia kukidharau, kwangu ndio unaokifaa kwa kazi ile. Ukucha wangu uling'oka ukaota. Mfupa, kama ulipata ufa, ulipona ukiwa umefungwa plasta na jirani yake. Naombea kiendelee kuniuma hivyohivyo hadi uzeeni.

Kwetu Washafii, sunna ya kutawadha ni kupitisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kati ya vidole vya miguu, kuanzia kidole cha mwisho cha mguu wa kulia hadi cha mwisho cha mguu wa kushoto. Wataalamu wa kisukari huwataka wagonjwa wao wakague miguu kila siku, na wakaushe maji yanayobaki kati ya vidole. Baba mkubwa alikuwa na kinga hiyo mara tano kwa siku, lakini magoti yalipoanza kumsumbua aliacha kuinama, akawa anamwagia maji tu.

Siku hizi anaketi kwenye kigoda pale uani, mjukuu mmoja anashika birika, mwingine anamulika. Anaanzia kulia, penye kovu. Anapapapasa kwanza, kisha anaingia kati ya vidole vilivyobaki, kimoja kimoja, na mtoto anamwambia anachokiona.