Wikendi ya Mwanafunzi Berlin Ianzie Wedding

Kila muhula ukianza, swali ni lile lile kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko Ujerumani: wikendi ya Berlin inahitaji shilingi ngapi? Majibu hayakawii kuja, na karibu yote yanafanana. Lango la Brandenburg, mnara wa televisheni, kipande cha ukuta, picha, halafu usiku klabu. Ukifuata orodha hiyo utarudi chuoni umemaliza hela ya chakula ya mwezi, na utakuwa umeona kile kile anachoonyeshwa kila mgeni. Mimi nashikilia kwamba anayezungumza Kiswahili ana Berlin yake, na sehemu kubwa ya Berlin hiyo haina kiingilio.

Tuanze na nauli, maana ndiyo inayokatisha wengi tamaa. Sisi wa Magdeburg tuna RE1, treni ya mikoani inayokwenda moja kwa moja mpaka Berlin kupitia Brandenburg na Potsdam, kama saa mbili hivi. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa kawaida nchi nzima, inaipanda bila nyongeza, na ukifika Berlin inakupandisha pia treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi. Tiketi hiyo ilianza kwa euro 49 kwa mwezi Mei 2023, na tangu Januari 2026 ni euro 63, lakini vyuo vyenye makubaliano huwapa wanafunzi wake kwa asilimia 60 ya bei. Usijaribu kuingia nayo ICE wala IC, zile treni za masafa marefu. Faini yake itakula safari nzima.

Pesa ya pamoja ndiyo inayotaka maneno mengi, kwa sababu nimeona urafiki ukitetereka kwa ajili ya bili ya chakula. Katika kundi moja la marafiki yupo mwenye ufadhili unaoingia kila mwezi, yupo anayeishi kwa akaunti iliyofungwa, ile inayowekwa hela kwa ajili ya viza na kutoa kiasi maalumu tu, euro 992 kwa mwezi, na humo humo analipa kodi ya chumba na bima, na yupo anayehesabu siku zake za kibarua asivuke 140 kwa mwaka zinazoruhusiwa. Hao watatu wakiketi mgahawani na bili ikagawanywa sawa, mmoja anakula kwa raha na mwingine anakula kwa hofu. Tena yule mwenye hofu hasemi kitu, kwani sisi tumelelewa kuona haya kusema hatuna. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya safari, na aanze mwenye uwezo. Aseme yeye: tuweke kiasi hiki kila mtu, kisizidi. Mhazini awe mmoja, anunue mahitaji yote kwa mfuko huo, na anayetaka cha ziada atoe chake bila kuwavuta wenzake. Dada mmoja wa Mombasa tuliyesafiri naye alikuwa mhazini hodari kwelikweli, na hakuna aliyetoka kwenye safari ile akiwa na deni wala kinyongo.

Chakula mbebe. Chapati hazilalamiki kwenye begi, na maharage ya nazi kwenye chombo kinachofunga vizuri yanavumilia hadi jioni. Hosteli nyingine zina jiko la wageni, ulizeni kabla ya kulipia. Maji ya bomba ya Berlin ni salama kabisa, na chupa tupu za plastiki zirudisheni dukani kwenye mashine, kila moja ina senti 25 zenu. Jumapili maduka yamefungwa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa, ambayo hujaa watu. Nunueni Jumamosi.

Sasa Wedding, kitongoji cha Berlin. Shukeni kituo cha Afrikanische Straße kwenye njia ya U6 ya treni ya chini ya ardhi, mtembee mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel. Mtakuta vibao vya Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Majina haya yalianza kuwekwa enzi za ukoloni, wakati mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alipokuwa na mpango wa kuweka hapo karibu bustani ya maonyesho ya wanyama, na watu pia, kutoka makoloni. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyouzima mpango huo. Tembeeni taratibu mpaka mfike Maji-Maji-Allee. Barabara hiyo ilikuwa sehemu ya Petersallee, jina lililotolewa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 halmashauri ilisema jina sasa linamhusu Peters mwingine, kibao kikabaki kilekile. Watu wa mtaa na vyama vya Waafrika hawakuridhika. Walidai kwa miaka mingi, na Agosti 2024 vibao vipya vikafunuliwa. Kusoma jina la vita vya babu zetu kwenye nguzo ya barabara ya Ujerumani kulinitoa machozi, na sioni haya kulisema.

U6 hiyo hiyo inawarudisha katikati ya mji mpaka kituo cha Naturkundemuseum, penye makumbusho ya historia ya asili. Hapa mtalipa kiingilio, na nasema mlipe, wanafunzi wana punguzo. Ukumbini amesimama Giraffatitan, mwenye urefu wa mita 13.27, mifupa ya dinosaria mrefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Ametoka Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913, mara tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata kusini, mamia ya watu wetu waliichimba mifupa hiyo na kuibeba kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Watu wanajua jina la mnyama, wachache wanajua la Boheti. Katika kundi letu alikuwepo kaka mmoja wa Lindi, na ilibidi afike Berlin ndipo ayaone yaliyotoka kwao. Jambo hilo haliniingii akilini. Lindi inastahili makumbusho yenye mifupa halisi, ambayo mtoto wa shule ya msingi ataingia kwa daladala.

Kutoka hapo fuateni Invalidenstraße kwa miguu hadi Brunnenstraße, nyumba namba 193. Angalieni chini. Kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna jiwe dogo la shaba la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akapigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado mtoto, akaja Berlin mwaka 1929 kudai malipo yake na ya baba yake. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni. Wanazi walimkamata mwaka 1941 kwa kosa la kuwa na mwanamke mzungu, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 1944. Kambi hiyo leo ni mahali pa kumbukumbu, kuingia ni bure, na tiketi yenu inafika Oranienburg, mji ilipo kambi. Ila pangeni siku yake peke yake, msiibane katikati ya matembezi mengine.

Jumapili nendeni Neukölln mwone Lucy-Lameck-Straße. Zamani barabara hii ilibeba jina la Hermann von Wissmann, aliyeizima kwa bunduki vita ya Abushiri pwani yetu. Tangu 2021 inabeba jina la binti wa Njoro, Moshi, mwanamke wa kwanza Tanzania kushika nafasi ya uwaziri. Baada ya hapo kapumzikeni Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kugeuzwa bustani. Watu huendesha baiskeli juu ya njia za ndege. Malizieni chapati hapo.

Wanaotaka kuuona mji kutoka juu waache mnara wa televisheni, wajisajili mapema kwa kuba la bunge, Reichstag. Ni bure, mnabeba pasipoti tu. Lango la Brandenburg liko jirani, mtalipita.

Sisi tulibakiza kiasi kwenye mfuko na mhazini amekishikilia kwa ajili ya Hamburg. Kwenye makaburi ya Ohlsdorf amelazwa Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, na makaburini hakuna kiingilio. Anayejua hosteli nafuu Hamburg yenye jiko, aniandikie.