Kumi na Thaba

Najua mmeshaiona ile video. Sekunde 43. Kwa hiyo naandika toleo la mhusika mwenyewe jambo likiwa bado la moto, kwa sababu rafiki yangu (jina lake silitaji, akiliona atafurahi) amekata mwanzo wote na mwisho wote akabakisha pale tu ninapotoa jasho, halafu juu yake akaandika "malenga akifundisha" na vikatuni vinne vya kucheka. Vinne! Kimoja hakikutosha.

Haya. Ni lile tamasha la fasihi, siku tatu, mahema matatu, rika zote, kuanzia wa kubebwa mgongoni hadi wa kutembea na mkongojo. Mimi nilijiandikisha kujitolea. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti na kutembeza maiki, na msidharau kutembeza maiki, ni kazi inayozeesha. Siku ya kwanza nilikuwa hema kubwa, wazee wanabishana kwa nini Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021, anaandika riwaya zake kwa Kiingereza, mimi nampelekea mtu maiki aulize swali, anaanza na "mimi sina swali, nina mchango kidogo tu", hapo ujue huyo maiki haiachii, unabaki umesimama pembeni yake umenyoosha mkono kama mtu anayedai deni.

Siku ya pili asubuhi beji za watu wa kujitolea zikawa zimeisha. Dada wa mapokezi akapekua boksi lake akanipa nyingine, akasema vaa hii kwa muda, mwenyewe hajafika. Nikavaa bila kusoma. Nimefika nje ndio naangalia: MALENGA. Yaani mshairi bingwa. Herufi kubwa, haina jina la mtu, ni hivyo tu, MALENGA.

Sasa hapa mtu mwenye akili angerudi ndani. Mwenzenu nilirekebisha kamba ikae vizuri, maandishi yatazame mbele.

Aisee, beji ni kitu kingine. Watu wananipisha. Mzazi mmoja ananiambia mwanawe anapenda sana ushairi, naitikia kwa kichwa taratibu, ile ya mtu aliyebeba mawazo mazito. Natembea sehemu ambazo sina kazi nazo, mikono nyuma. Halafu kuna kijana wa sekondari akanijia na diwani mkononi, mpya, bado inanukia wino, akauliza kwa adabu, "Samahani, wewe ndiye malenga?" Nikamwambia, "Watu ndio wanavyoniita." Nikasaini. Nimesaini kitabu ambacho sijaandika, ambacho sijasoma, ambacho hata jina lake nililisoma palepale wakati natafuta ukurasa wa kusaini. Na sahihi yenyewe nikaipigia mkia mrefu chini, wa kukunja. Endeleeni tu kunihukumu, mimi mwenyewe nimeshaanza.

Saa nne kamili kwenye ratiba kulikuwa na "Tutunge Pamoja, rika zote". Hema la watoto, wamejaa hadi nje, watoto wamekaa chini mbele, wazazi nyuma, bibi na babu kwenye viti ambavyo, kumbukeni, nilivipanga mimi. Mfundishaji hayupo. Saa nne na robo hayupo. Mratibu anahema, anapiga simu haipokelewi, anageuka huku na huku, macho yake yakatua kifuani kwangu.

"Malenga! Tuokoe."

Majibu sahihi yalikuwa mengi. Ningesema mimi napanga viti. Ningesema nina mafua. Ningeanguka. Lakini yule rafiki yangu aliyekuwa amesimama karibu akadakia, "Huyu? Huyu mashairi anakula na kulala nayo," na mimi mdomo wangu huu, bila kunishirikisha, ukasema, "Hakuna shida."

Kwa haki yangu niseme kwamba ushairi naujua kidogo, ule wa shule. Kwa hiyo nilianza vizuri sana, hiyo sehemu ndiyo jamaa ameikata. Nikawaeleza shairi la mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, cha kwanza ukwapi, cha pili utao, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane, jumla kumi na sita. Nikaandika 16 ubaoni, nikaizungushia duara, nikaizungushia tena. (Hilo duara la pili litarudi.) Nikasema vina, yaani silabi za mwisho wa kila kipande, lazima vifanane: vya kati kwa vya kati, vya mwisho kwa vya mwisho. Wazazi wanaandika! Kuna baba alikuwa anaandika kwenye simu kabisa.

Halafu nikaombwa mfano.

Mfano niliokuwa nao ni mmoja tu duniani. Niliutunga wiki mbili zilizopita kwa ajili ya mtu fulani, ambaye alijibu "asante" na nukta. Nikauandika wote ubaoni, kwa mwandiko mzuri, mbele ya watoto wa miaka minne:

Ewe mpenzi nakuomba, moyo wangu wateseka,
Usiku kucha naimba, jina lako nalitaka,
Kama samaki na mwamba, kwako nimeng'ang'anika,
Wewe mpenzi ndiwe nyumba, paa langu lavujaka.

Kimya. Nikadhani ni kile kimya cha watu walioguswa.

Mkono ukanyooshwa mbele kabisa. Mtoto wa kike, miaka minane hivi, nywele za mabutu mawili, meno mawili ya juu hayapo. Nikamwambia sema mwanangu. Akasimama, akaunganisha mikono nyuma kama darasani, akasema:

"Mwalimu, mthtari wa kwanza ni kumi na thaba."

Nikacheka. Yaani nilicheka kicheko cha upole cha mtu mkubwa, nikasema hapana mwanangu, ni kumi na sita, mimi mwenyewe nimehesabu. Akasema, "Tuhethabu kwa makofi."

Nani anakataa makofi mbele ya watoto mia? Watoto walishaweka mikono tayari.

Nataka mjue jinsi muda unavyoweza kwenda polepole. Akasogea ubaoni, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, hema zima likaanza, watoto, wazazi, bibi na mkongojo wake anaugonga chini. "E." Pa. "We." Pa. Mimi nilikuwa napiga nao, natabasamu. Halafu kidole kikafika kwenye mpenzi, na mimi kwa sauti kubwa, kwa kujiamini, nikasema "MPE!" peke yangu. Wenzangu wote walikuwa wamefunga midomo wanasema "Mmmm." Pa. Halafu ndio "Pe." Pa. "Nzi." Pa. Nikasikia kitu kinashuka tumboni. "Na." Pa. "Ku." Pa. Nikaanza kuomba, yaani kuomba kweli, "o" na "mba" ziungane kuwa kitu kimoja. "O." Pa. "Mba." Pa.

Tisa.

Hawakusimama hapo, wangekuwa na huruma wangesimama, walihesabu na utao wote, mo-yo-wa-ngu-wa-te-se-ka, nane safi, na walipofika kofi la mwisho hema zima likasema kwa pamoja "KUMI NA SABA" na mtoto akanigeukia, hana hata majivuno, ananionea huruma tu, akasema, "Umethahau M."

Jasho mnaloliona kwenye video ndilo hili.

Nikajitetea. Nikasema mbona nyumba ni nyu-mba, hiyo mba ni moja, kwa nini mpe iwe mbili? Nilidhani nimembana. Akanieleza taratibu, kwamba mba ya nyumba inatoka mara moja, hebu jaribu, lakini M ya mpenzi inasimama yenyewe kama ya mtu na mtoto, m-tu, m-to-to, unaisikia inavuma kwanza. "Thema mmm." Na mimi, mtu mzima mwenye beji, nikasema mmm. Mtoto mwingine akapiga kelele, "Mbwa je?" wakajaribu, m-bwa, mbili, basi hema lote likaanza kubweka, hiyo ndiyo ile sauti mnayoniuliza kwenye video, si mbwa wa kweli.

Nikaona njia moja tu. Nikainua mikono nikasema jamani, kwa kweli hili ni shairi huru! Mashairi huru hayafungwi na mizani, watu waligombana sana juu ya hayo miaka ya 1970, someni. Wote wakageuza macho taratibu kwenda ubaoni. Kwenye 16. Yenye duara mbili.

Hapo ndipo sauti ya mzee ikatoka nyuma kabisa, ya upole, "Samahani mwalimu. Samaki hang'ang'anii mwamba. Chaza ndiye anayeshika mwamba. Samaki anapita tu."

Nikamwambia shikamoo mzee, asante kwa mchango. Nikasema hivyo! Mchango! Akaitikia marahaba, akauliza na hiyo "lavujaka" ni kitu gani. Mimi nikakumbuka neno moja kutoka shuleni, nikalirusha kama mtu anayerusha kamba akiwa anazama: "Hiyo inaitwa mazida, mzee, mshairi anaruhusiwa kurefusha neno ili mizani itoshe." Akatikisa kichwa. "Mazida naijua. Hiyo yako ni kama neno limejikwaa."

Hata wa miaka minne walicheka, na wao hawajui mazida.

Sasa mratibu akaingia mbio, akamwona yule mzee, akashika kichwa. "Malenga! Tumekutafuta kila mahali!" Ndiyo. Yeye. Alifika saa tatu na nusu, walinzi wakamzuia getini zaidi ya nusu saa kwa sababu hana beji, beji yake ilikuwa shingoni mwangu inazunguka kwenye mahema mikono nyuma. Mwishowe akajipenyeza na msafara wa watoto wa shule, mwalimu wao akamhesabu kama mzazi.

Nikavua ile kamba. Ikakwama sikioni. Kila mtu anaangalia na ikakwama sikioni, nikawa navuta, na rafiki yangu huyo huyo badala ya kunisaidia akasogeza simu karibu.

Mzee wala hakunigombeza. Alichukua maka peni, akafuta "Ewe", akafuta na "ku", akapanga upya: "Mpenzi wangu naomba". Wakapiga makofi, m-pe-nzi-wa-ngu-na-o-mba, nane. Samaki akamtoa akaweka chaza, "Kama chaza na mwamba", watoto wakahesabu ikawa saba, mzee akacheka mwenyewe, akasema mnaona, hata mimi, akaweka "Kama vile chaza na mwamba", tisa, mtoto wa mabutu akasema "toa kama", ikawa "Vile chaza na mwamba", saba tena, ikabidi wote wakune vichwa, na mimi nikanong'ona kutoka pembeni, "Kama chaza na miamba?" Nane! Lakini hiyo nane yangu haiko kwenye video, mmeona? Mshororo wa nne walimwachia yule mtoto aukarabati. "Lavujaka" mzee akakataa isifutwe, akasema ibaki, ina faida yake.

Mengine ya siku hiyo ni viti. Nilipanga viti vingi kuliko vilivyohitajika, beji nikaandikiwa kwenye karatasi kwa mkono, na sasa watu hawaniiti jina, wananiita Kumi na Thaba, hadi mratibu, hadi kwenye orodha ya shukrani za siku ya mwisho.

Ila kuna kitu ambacho huyo jamaa hakurekodi kwa sababu alikuwa amekaa chini anacheka. Yule kijana wa sekondari alirudi. Akaja na diwani yake moja kwa moja kwa mzee, akafungua ukurasa, akaona sahihi yangu pale na mkia wake, akatutazama mmoja mmoja. Nikaanza kuelekea mlangoni. Mzee akaniita nisiende. Akasaini chini yangu, ndogo, bila mkia, halafu akarudi juu na kalamu, pembeni ya sahihi yangu akaandika neno moja: Shahidi.

Sha-hi-di. Tatu. Nimehesabu kwa makofi.