Kausha vioo kwanza, rimu zisubiri

Sehemu nyingi za kuoshea magari hapa Dar es Salaam zinatumia maji ya kisima, na hilo silipingi. Ninachopinga ni huu mtindo wa kulimwagia gari maji ya mwisho halafu kuliacha lijikaukie juani, kijana keshahamia gari lingine. Jua la saa saba linakausha maji, madini yanabaki. Ndiyo yale madoa meupe ambayo mchana unaweza kuyapuuza, ila usiku ukipishana na lori lenye taa kali, kioo chote kinakuwa ukungu.

Sehemu kubwa ya madoa hayo ni chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyokuwa ndani ya maji. Yangekuwa chumvi ya mezani tu, maji matupu yangeyatoa. Chokaa haitoki hata umalize chupa nzima ya sabuni ya vyombo, inataka asidi. Siki nyeupe ya dukani inatosha, na limau nalo linafaa. Weka gari kivulini, kioo kikishapoa kibandike kitambaa kilicholowa siki kwa dakika chache bila kukiacha kikauke, sugua taratibu, kisha suuza kwa maji mengi ili siki isikae kwenye rangi ya gari. Upande wa ndani wenye tinti achana nao, madoa haya yako nje.

Anayekuja na msasa au stilwaya ya masufuria mfukuze. Doa lililokaa muda mrefu hadi likaanza kula kioo, siki hailiwezi. Hapo linahitaji kupigwa polishi kwa unga wa seriamu oksidi, kazi ya fundi anayeijua hasa, maana kioo cha mbele kikilika upande mmoja kitakupotosha macho barabarani.

Kuhusu dawa za kupaka ili maji yateleze: wakati wa masika zinasaidia kweli, ingawa waipa huzimaliza kidogo kidogo. Lakini usidanganywe kwamba ukishapaka umemaliza. Tone la maji ya kisima likikauka juu ya dawa linaacha doa vilevile, ila kulitoa ni rahisi zaidi.

Kabla ya kununua dawa, nunua taulo la maikrofaiba, likae ndani ya gari. Mpe kijana, mwambie aanze na vioo kabla hata hajagusa rimu, na umwongezee chochote. Kama nyumbani una maji ya mvua uliyokinga, ndoo moja ya kusuuzia vioo inatosha. Hayo yana madini machache sana.