Chapo mbili, ndengu na kamkebe kamoja

Mimi hupikia chapo za kuuza kwa nyumba, hapa Section 58 Nakuru, na kwa muda mrefu nilikuwa najiambia hii si hoteli, hakuna meza, hakuna bango, sasa laiseni ya nini? Wateja wanaagiza kwa WhatsApp, boda inabeba, kwisha. Kumbe harufu ya chapo haijui kujificha. Siku moja jamaa wa kanjo, wale wakaguzi wa kaunti, akapiga hodi, kitabu kwapani, nikamwambia aah, hiki ni chakula cha watoto tu. Akaangalia lile rundo, chapo kama sitini hivi na ingine inafura kwa pan.

"Mama, una watoto wangapi?"

Wawili.

Hata hakucheka. Na kabla nijitetee katoto ka jirani kakaingia mbio, "Mama amesema umpe chapo nne uandike kwa ile deni ingine."

Lakini nisimseme vibaya, alikuwa mpole. Alinieleza ukipika cha kuuza, iwe ni Kenyatta Avenue ama sebuleni kwako, hiyo ni biashara, kwa hivyo laiseni ya kaunti lazima, jikoni ikaguliwe na watu wa afya, na mimi mwenyewe nipimwe nipewe cheti cha kushika chakula, na hicho nacho ni cha miezi 6 tu, kikiisha unarudi. Akanipa wiki mbili. Halafu akiwa mlangoni akageuka akaagiza, kesho saa saba, chapo mbili na ndengu, nimtumie kazini, na atalipa.

Sasa kupimwa ni damu, mkojo na choo. Wanakupa kamkebe, kifuniko kina kijiko kadogo ndani, jina lako linaandikwa juu, uende nako nyumbani ulete kesho. Kesho ndiyo ile kesho. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 mimi kila kitu natia kwa mfuko wa khaki, kwa hivyo mezani kulikuwa na khaki mbili zimekunjwa sawasawa, boda anapiga honi nje, mimi nafunga leso huku nashika hii nampa ile.

Kijana wa maabara akaingiza mkono na glavu, akatoa chapo imekunjwa mara nne, bado inatoa mvuke. Akaiangalia. Akaangalia fomu yangu. Akachungulia tena ndani akaona kibakuli cha ndengu.

"Madam, tulisema kidogo tu."

Foleni nzima ikaangua kicheko, lakini mimi masikio yalikuwa yamezibika maana nilikuwa nimeshajua ile ingine iko wapi. Simu ikalia.

"Mama, mbona umenitumia pilipili na kijiko peke yake? Chapo ziko wapi? Na imeandikwa jina lako."

"Umefungua?"

"Nafungua saa hii, imekazwa sana hii kitu..."

Nilipiga nduru mpaka askari wa geti akaja. Upande wa pili kimya, halafu nikasikia kiti kinasukumwa, halafu simu ikakatika.

Cheti nilipata, kiko ukutani juu ya jiko. Laiseni pia. Yule jamaa akipita huku bado hunisalimia, lakini kutoka ng'ambo ya barabara, na nikimwambia karibu chapo anasema ameshakula, hata kama ni saa mbili asubuhi.