Asilimia tunayoiamini kupita kiasi tunapochagua pa kutoa

Ukimwuliza mtu anachaguaje shirika la kulichangia, mara nyingi atakujibu kwa asilimia. Katika kila mia anayotoa, anataka kujua ngapi zinawafikia walengwa na ngapi zinaishia kwenye mishahara, kodi ya pango na mafuta ya magari. Mashirika yameshaijua tabia hii, ndiyo maana matangazo yao hujisifia ofisi ndogo kuliko kazi yenyewe.

Hofu iliyo nyuma ya swali hilo ina msingi. Mei 2015, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) pamoja na majimbo yote 50 waliyashtaki mashirika manne yaliyochangisha kwa jina la wagonjwa wa saratani, likiwemo Cancer Fund of America. Mashtaka yalitaja zaidi ya dola milioni 187 zilizochukuliwa kwa watu kati ya 2008 na 2012. Kampuni zilizopiga simu za kuchangisha mara nyingi zilibaki na senti 85 au zaidi za kila dola, na kilichobaki kiligharimia, pamoja na mengine, magari, safari na ada za vyuo za ndugu na marafiki wa wakuu. Anayesoma habari kama hiyo kisha akaanza kukagua gharama za ofisi, nani amlaumu?

Ila kesi hiyo ina sehemu ambayo haizungumzwi sana. Kwa mujibu wa mashtaka hayohayo, mashirika hayo yaliandika vitabuni misaada ya vitu ya zaidi ya dola milioni 223, bidhaa za kupelekwa nje ya nchi ambazo wao walikuwa njia ya kupitia tu. Thamani hiyo ikiingizwa upande wa huduma, sehemu ya ofisi inayeyuka na asilimia inapendeza. Yaani kipimo tulichokishika ili kimkamate mwizi ndicho kilichomsafisha.

Na wala si lazima uwe mwizi. Mkurugenzi aliyeshinda asubuhi akizungumza na wafadhili na mchana akikagua kazi, mshahara wake wa siku hiyo ni wa ofisi au wa huduma? Anayeamua ni shirika lenyewe, na hata lililo safi kabisa lina kila sababu ya kuamua kwa namna itakayompendeza mchangiaji. Tumemkabidhi mtahiniwa kalamu nyekundu.

Halafu kuna kosa kubwa zaidi ya hesabu kupikwa: asilimia haisemi kama kazi inafaa. Mwaka 2006 zilitangazwa ahadi za dola milioni 16.4, serikali ya Marekani ikiwa miongoni mwa waliozitoa, ili kueneza PlayPump barani Afrika: watoto wanazungusha bembea, maji yanapanda tangini. Picha zake zilivutia mno. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian lilipiga hesabu kwamba ili kufikia lengo la watu 2,500 kwa kila pampu, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Kuna vijiji ambako wanawake ndio walioishia kulisukuma gurudumu kwa mikono. Hata kama ofisi ingeendeshwa bure, maji yasingeongezeka tone.

Sasa tazama kugawa vyandarua vyenye dawa. Kabla ya siku ya ugawaji mtu hupita nyumba kwa nyumba akihesabu sehemu za kulala, mwingine huingiza orodha kwenye kompyuta, na mwingine tena huhakiki nyumba chache zilizochaguliwa bila kutangaza. Miezi kadhaa baadaye wakaguzi hurudi kuangalia: chandarua kimetundikwa au kimekunjwa kabatini? Kimetoboka? Hao wote wanalipwa, na aliyebaki nyumbani akifanya hesabu atawaita mzigo. Lakini waondoe, utabaki na lori la vyandarua na hujui vililala wapi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa shirika la Evidence Action. Lilikuwa na mpango Bangladesh wa kuwakopesha watu wa vijijini nauli bila riba wakatafute vibarua mijini katika msimu wa njaa. Majaribio ya awali yalitia moyo. Mpango ulipopanuliwa na kupimwa upya, matokeo hayakuonekana, na mwaka 2019 wakaufunga wakiwaeleza watu sababu. Upimaji ule ulikula pesa, na faida yake ni kwamba pesa nyingine hazikuendelea kuliwa.

Haya si siri. Mwaka 2013 wakuu wa GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, taasisi zinazowapa wachangiaji taarifa za mashirika ya misaada, waliwaandikia wachangiaji wa Marekani barua ya wazi kuwasihi waache kuligeuza shirika kuwa asilimia moja. Mwaka uliofuata jarida la Science likachapisha jaribio lililohusu watu 40,000: walioambiwa kwamba gharama za uendeshaji zimeshalipwa na mfadhili mwingine walichanga zaidi hata ya walioahidiwa kuongezewa dola kwa dola. Barua haikuubadilisha moyo.

Basi asilimia itumike kama chekeche la kwanza. Shirika linalowalipa wapiga simu sehemu kubwa ya mapato yake miaka nenda rudi, liache. Likishapita hapo, ningeuliza lini mara ya mwisho liliacha mradi na kwa nini, na kama lingejua mambo yalipokwenda mrama. GiveWell, taasisi ya kutathmini mashirika ya misaada iliyoanzishwa 2007 na vijana wawili wa sekta ya fedha, hutafuta majibu ya aina hiyo, ingawa makadirio yake, maelfu ya dola kwa kila uhai unaookolewa, ni makadirio tu na hubadilika.

Kikundi kidogo kinacholea wagonjwa majumbani hakitapimwa na mtafiti yeyote. Huko, anayewafahamu wahusika na anayeweza kwenda kuwaona ana taarifa ambazo hakuna jedwali litakalompa, mradi tu asiwadai karatasi zinazogharimu kuliko mchango wake.