Mfuko "unaooza", sawa, ila nani anaula?

Kila nikisikia mtu anasifia mfuko wa wanga wa muhogo au kifungashio cha jeli ya mwani eti "kinaoza chenyewe" nabaki najiuliza, chenyewe kivipi? Hamna kitu kama hicho kinachooza chenyewe, lazima awepo kijidudu mwenye enzaimu (protini inayofanya kazi kama mkasi) ya kukata mnyororo wa sukari unaokiunda, asipokuwepo kitu kinakaa tu.

Tafuna tonge la ugali muda mrefu bila kumeza, linaanza kuwa tamu, maana enzaimu ya kwenye mate iitwayo amilesi inakata wanga (mnyororo mrefu wa glukosi) vipande vifupi mpaka ulimi unaonja sukari. Haya tafuna karatasi sasa. Selulosi, inayounda karatasi, nayo ni glukosi ileile, ila zimeungwa kivingine na amilesi yetu haiingii, ni ufunguo wa mlango wa jirani. Hata ng'ombe anayekula majani anabebwa na vijidudu vya tumboni.

Kwa hiyo wanaosifia wanga wana haki, udongo wenye unyevu umejaa bakteria na kuvu wenye amilesi, na tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki 2017 na Tanzania 2019 mbadala tunautaka kweli. Shida ni kwamba kinachopenda maji na kuliwa haraka ndo hichohicho kinachoharibika mkononi, bebea samaki wabichi mfuko wa wanga mtupu uone kama utafika nyumbani. Ndo maana wengine wanachanganya na plastiki, halafu wanga unaliwa na plastiki inabaki vipandevipande, hapo mimi naona ni kiini macho tu.

Jeli za mwani ni habari nyingine. Miaka ya 1880 kule Ujerumani Fanny Hesse alimshauri mumewe, aliyekuwa maabara ya mtafiti wa bakteria Robert Koch, akuzie bakteria kwenye agari ya jikoni (jeli ya mwani ya kupikia) badala ya jelatini (jeli ya ngozi na mifupa ya wanyama), kwa sababu jelatini ilikuwa inayeyuka kwa joto na bakteria wenyewe walikuwa wanaila ikawa majimaji, wakati agari wachache sana wanaiweza. Maabara wanaishukuru mpaka leo! Ila sifa hiyohiyo kwa mtu wa taka ni kasoro, isipokuwa ukienda baharini, kule bakteria wa kukata agari na karajinani (jeli nyingine, ile inayotoka kwenye mwani wa kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar) wapo tele, ndo chakula chao.

Mimi basi kwa vitu vinavyoishia ufukweni ningechagua jeli ya mwani, shambani wanga. Dampo ndo sina jibu, maana huko chini hewa haifiki, vitaliwa vyote viwili taratibu lakini na bakteria wanaotoa gesi ya methani, na hiyo, kilo kwa kilo, inapasha dunia joto kuliko kaboni dayoksaidi.